Masikio yanalia piii usiku na mchana: inatoka wapi na inatibiwaje

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu, feni ikasimama, friji ikanyamaza, jirani mwenye jenereta alikuwa bado hajaiwasha, na hapo ndo nikaisikia kwa mara ya kwanza: piii, nyembamba, kali, kama ile tivii ya zamani ya kichogo ikiwa imewashwa lakini haina picha. Nikatoka nje na tochi kutafuta inatoka wapi. Nikarudi nikamwamsha mama watoto nikamuuliza hiyo sauti unaisikia? Akakaa kitako, akasikiliza vizuri, akasema "Baba, mbona kimya tupu." Nikaziba masikio kwa vidole, na badala ya kupungua ikazidi, ndo nikajua haitoki nje, iko ndani kwangu.

Ni miaka sita sasa na bado ipo, hata saa hizi ninavyoandika ipo. Ila kati ya yule mtu wa usiku ule aliyedhani anarukwa na akili na mimi wa leo kuna tofauti kubwa sana, na tofauti hiyo haikuletwa na dawa yoyote, ililetwa na kuelewa huu mlio ni kitu gani. Ndo maana naandika kwa urefu, maana najua kuna mtu saa hizi kalala kaweka mto juu ya kichwa anatafuta majibu kwenye simu na anachokutana nacho ni matangazo ya matone na vidonge.

Kitaalamu inaitwa tinitasi. Neno limetoka Kilatini, maana yake kulia kama kengele, japo sio wote wanasikia kengele, wapo wanaosikia nyenje, wapo wa upepo, wapo wa maji kwenye bomba, wapo mashine inaunguruma kwa mbali. Sio ugonjwa wenyewe, ni dalili, kama homa vile, homa haikuambii kama ni malaria au ni UTI, inakuambia tu kuna kitu, kakipime. Na tuko wengi mno. Uchambuzi uliotoka 2022 kwenye jarida la JAMA Neurology ulikadiria watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wanayo, na zaidi ya milioni 120 kati yao inawasumbua kweli kweli. Beethoven, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani, mwaka 1801 alimwandikia rafiki yake daktari kwamba masikio yake yanavuma usiku na mchana, na alikuwa hata miaka 31 hajafika. Kwetu ukisema sikio linalia utaambiwa kuna mtu anakusema vibaya huko aliko, au umerogwa, na mtu anaanza kutafuta adui ukoo mzima wakati adui alikuwa mkononi mwake.

Adui wangu alikuwa mkononi kabisa. Mi ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma, nimeshika grinda toka nina miaka 19. Kituo cha kwanza nilichoenda hawakuniangalia hata sikio, niliandikiwa matone ya kuua bakteria, yakaisha, nikaandikiwa mengine, yakaisha, nikaandikiwa ya tatu. Halafu nikahamia kwenye ushauri wa watu: kitunguu swaumu kilichochemshwa kwenye mafuta, habat soda, kuna mzee aliniambia nipulizwe moshi. Mafuta nilitia, nakiri, na nilipokuja kufika kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuyasafisha. Akaniambia kwa upole, ungekuwa na tundu kwenye ngoma ya sikio yale mafuta yangeingia kusikotakiwa na leo tungekuwa tunaongea mengine.

Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Ni sikio moja au yote? Mlio umenyooka au unadunda? Akanishikisha mapigo ya mkono wangu mwenyewe akasema sikiliza, unaenda sawa na moyo? Unapata kizunguzungu? Unatumia dawa gani, umewahi kutibiwa TB, umewahi kudungwa kwinini? Unafanya kazi gani? Nilipotaja grinda akatikisa kichwa akaandika kitu.

Nikapelekwa kupimwa usikivu. Unaingia kwenye kichumba kama kabati, kuta zina sponji, unavaa hedifoni, unapewa kitufe, ukisikia mlio hata uwe mdogo vipi unabonyeza. Mlango ulipofungwa ule ukimya ulinishika koo, maana humo ndani piii yangu ilijaa kama maji kwenye ndoo. Milio minene niliibonyeza yote bila shida. Ilipofika kwenye milio mikali nikaanza kuchanganyikiwa, nabonyeza halafu sijui nimebonyeza ya mashine au ya kichwani kwangu, ikabidi yule dada wa vipimo abadilishe, akawa anatuma mlio unaokatika katika, pi pi pi, ili nitofautishe. Majibu yalikuja kama grafu. Mstari unatembea juu vizuri, ukifika kwenye hertz 4000 (hertz ni kipimo cha mlio kuwa mnene au mkali) unazama kama shimo barabarani, halafu unapanda kidogo kwenye 8000. Daktari akasema hilo shimo kwenye 4000 ni saini ya kelele, mafundi, wanajeshi, wachimbaji, wengi wanalo. Halafu akafanya kitu ambacho sitakisahau, akapiga milio tofauti tofauti akaniuliza upi unafanana na wako. Nikamwambia huo, huo hapo. Akageuza kompyuta nione, ulikuwa umeangukia mulemule kwenye lile shimo.

Yaani kichwa changu kilikuwa kinapiga mlio ule ambao sikio langu limeacha kuusikia. Na hiki ndo kiini cha mambo yote.

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji umejikunja kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi, ukiunyoosha haufiki hata sentimita 4. Humo kuna seli zenye vinywele vidogo sana, kama elfu 15 kwa kila sikio, zimejipanga kama vibao vya marimba, za mlangoni zinapokea sauti kali, za ndani kabisa zinapokea sauti nene. Mawimbi ya sauti yakipita vinywele vinalala na kusimama kama mpunga kwenye upepo, na kila vikilala vinatuma umeme kwenye ubongo. Kelele ikiwa kubwa mno au ya muda mrefu vinalala jumla. Kukiwa na bahati vinasimama tena, ndo ile ukitoka kwenye harusi umekaa karibu na spika masikio yanalia usiku ule na asubuhi yamepoa. Bila bahati vinakufa, na vikifa havioti tena. Kuku seli zake zikifa zinaota upya, wanasayansi waligundua hilo miaka ya 1980 na mpaka leo wanatafuta namna ya kuiga. Sisi binadamu ulizozaliwa nazo ndo hizo hizo.

Sasa seli za eneo fulani zikifa ubongo unaacha kupata taarifa kutoka eneo hilo. Watu wengi wanadhani hapo kunakuwa kimya tu. Hapana. Ubongo hauvumilii ukimya, unafanya kama unavyofanya wewe ukiwa kijijini redio haishiki stesheni vizuri, unaongeza sauti, unaongeza, unaongeza, na badala ya mtangazaji unapata chuuuu. Ile chuuu haikutoka stesheni, ni kelele ya redio yenyewe, ilikuwepo siku zote ila ilikuwa ndogo. Mishipa ya fahamu nayo ina chenga zake za kawaida hata kukiwa hakuna sauti, na ubongo ukiongeza volyumu kutafuta ile taarifa iliyopotea unazikuza hizo chenga mpaka zinasikika kama mlio. Ni ndugu na yale ya mtu aliyekatwa mguu halafu anasikia vidole vya mguu ambao haupo vinawasha.

Ushahidi kwamba mlio uko kwenye ubongo na sio sikioni upo, kuna wagonjwa ambao kwa sababu ya uvimbe mshipa wa usikivu ulibidi ukatwe, sikio likawa halina mawasiliano na ubongo kabisa, na wengi wao mlio uliendelea, wengine ukazidi. Na mwaka 1953 Marekani, watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu wazima 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopitisha sauti wakawaambia waandike wanachosikia. Asilimia 94 waliandika wanasikia milio. Watu wazima kabisa! Kwa hiyo uwezo wa kusikia kitu kisichokuwepo tunao karibu wote, tofauti ni kiasi gani ubongo umekikuza na umekipa umuhimu gani.

Hilo la umuhimu nitalirudia, kwanza nimalize sababu maana kelele sio peke yake. Umri ni sababu kubwa, seli zinachakaa zenyewe, babu na bibi wengi wana mlio ila hawasemi. Nta nayo, hasa kwa watu wa vijiti vya pamba, unadhani unatoa kumbe unasukuma ndani na kushindilia, na hii ndo sababu tamu kuliko zote kwa sababu ikisafishwa na mtu anayejua mlio unaweza kuisha palepale. Usaha wa sikio, mifupa midogo ya sikio la kati kuganda, ugonjwa wa Ménière ambao unakuja na kizunguzungu cha nguvu na usikivu unaopanda na kushuka. Kuna wengine mlio unatoka kwenye taya au shingo, ukikaza meno au ukigeuza shingo mlio unabadilika, hao wanaweza kusaidiwa na daktari wa meno au wa mazoezi ya viungo kuliko hata wa masikio.

Kuna na dawa zinazoleta mlio, hizi nazitaja kwa makini kwa sababu ziko nyumbani kwetu. Waliougua malaria kali enzi za kwinini wanakumbuka, drip ikiwa katikati masikio yanaanza kuvuma vuuu kama uko ndani ya mtungi na watu wanaongea kwa mbali, mi nililazwa nikiwa darasa la tano na mama alikuwa anapiga kelele niamke kumbe simsikii. Ule mlio wa kwinini kwa kawaida unaondoka dawa ikitoka mwilini, na siku hizi malaria kali inatibiwa kwa sindano ya atesuneti. Aspirini nyingi nayo inafanya hivohivo na nayo inapita. Ambazo hazipiti kirahisi ni sindano za jamii ya jentamaisini, streptomaisini, amikasini na kanamaisini, hizi zinaua zile seli za vinywele, na wapo watu waliopona TB sugu ila wakabaki na masikio mabovu, ndo maana shirika la afya duniani liliachana na kanamaisini kwenye TB sugu na dawa za vidonge kama bedakwilini zikachukua nafasi. Sisplatini ya saratani nayo imo. Usisome hapa ukaacha dozi! Wakati mwingine hiyo dawa ndo inakuokoa, kinachotakiwa ni kumwambia daktari mapema siku mlio unapoanza ili wakupime na waangalie kipimo cha dawa.

Kuna milio ambayo sio ya kuizoea wala kuisubiri. Ukiamka usikivu wa sikio moja umekata ghafla, na mlio juu yake, hiyo ni dharura, usiseme ni mafua yatapita, kuna dawa za steroidi ambazo zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya siku chache na kadri unavyochelewa nafasi inapungua. Mlio unaodunda sambamba na moyo unataka kuchunguzwa mishipa ya damu, presha, upungufu wa damu, tezi ya shingo. Mlio wa upande mmoja tu usioisha unataka picha ya MRI, kwa sababu mara chache kunakuwa na uvimbe kwenye mshipa wa usikivu, sio saratani kwa kawaida, ila lazima ujulikane. Mlio baada ya kugonga kichwa, au pamoja na uso kulegea upande mmoja, nenda siku hiyohiyo. Na kama mlio umekufikisha mahali unafikiria bora ufe, mwambie mtu leo na uende hospitali leo, sio kesho, hiyo hali inatibika hata kama mlio wenyewe bado haujaisha.

Turudi kwenye umuhimu. Mgeni akilala kwako siku ya kwanza na nyumba iko jirani na reli hatalala, treni ikipita anaruka. Wewe hata hujui imepita saa ngapi. Masikio yenu yote yamesikia treni ileile, ila ubongo wako ulishaamua hii sio hatari, ukaacha kukuletea habari zake. Tinitasi inageuka mateso pale ubongo unapoamua kinyume, unauwekea alama nyekundu kwamba hii ni hatari, na kitu kilichowekewa alama ya hatari ubongo haukiachii, unakilinda usiku kucha kama mbwa aliyeona mwizi. Unaogopa, hofu inaamsha mwili, mwili ulioamka unasikia zaidi, ukisikia zaidi unaogopa zaidi, hulali, na usipolala kesho yake mlio unakuwa mkubwa mara mbili. Mi nilizunguka humo miezi minane. Mtafiti mmoja anaitwa Jastreboff aliliandika hilo vizuri mwaka 1990, kwamba mateso ya mlio yanategemea zaidi sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na hisia kuliko ukubwa wa mlio wenyewe, na ndo maana watu wawili wenye mlio sawa mmoja anafanya kazi zake na mwingine hawezi kula.

Kwa hiyo matibabu. Mpaka sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kuondoa tinitasi, yeyote anayekuuzia chupa na kukuahidi siku 14 anakuibia. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulisema wazi ginko (vidonge vya majani ya mti), zinki na melatonini (homoni ya usingizi) zisipendekezwe kwa ajili ya hii kitu. Nilishatumia hela ya vidonge vya ginko ambayo ingetosha kununua grinda mpya. Inauma nikikumbuka.

Kinachosaidia kwanza ni kutibu kinachotibika, nta itoke, usaha ukauke, presha ishuke. Pili kama usikivu umepungua vaa shimesikio, yaani kile kifaa cha kusaidia kusikia, na hili watu wanaliona aibu wakati lina mantiki kabisa ukikumbuka ile redio: ubongo uliongeza volyumu kwa sababu taarifa zilikata, ukiurudishia taarifa unakuwa na sababu ya kupunguza. Kwa wale ambao usikivu umekufa kabisa kuna kifaa cha kupandikizwa kwa upasuaji, hospitali ya Muhimbili walianza mwaka 2017, na wengi wanaopandikizwa mlio nao unapungua.

Tatu ni sauti, na hapa kuna kosa nililifanya. Nilikuwa naweka redio kubwa ili kuuzima mlio. Sio hivyo. Unaweka sauti laini isiyo na maneno, feni, mvua kwenye simu, na unaiweka chini kidogo ya mlio wako, yaani mlio bado unausikia ila una mwenzake, ubongo unajifunza kwamba hiki nacho ni kelele kama kelele nyingine. Ukiuzima kabisa hakuna unachojifunza. Na usilale kwenye ukimya kamili.

Nne, na hii ndo yenye ushahidi mkubwa kuliko zote, ni tiba ya fikra na tabia kwa mwanasaikolojia. Nilipotajiwa nilikasirika, nikaona daktari anataka kusema nimechanganyikiwa. Kumbe haihusu kuchanganyikiwa. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 28 ukaona inapunguza ule usumbufu wa mlio katika maisha ya mtu, mlio wenyewe haupungui sauti ila unavyokutesa ndo kunapungua. Kazi yenyewe ni ya kawaida sana, nilipewa daftari, kila mlio ukinikera niandike kilichopita kichwani muda ule. Nikaandika "sitalala tena maisha yangu yote". Wiki iliyofuata tukahesabu nimelala usiku mingapi. Tano kati ya saba. Tukakifuta kile nilichoandika tukaandika "usiku miwili ilikuwa mibaya". Inaonekana kitu kidogo ila ile alama nyekundu inafutika hivyo, kidogo kidogo, na mwezi wa nne wa tiba nikashtuka niko kazini nimepitisha asubuhi nzima bila kuukumbuka. Kama wanasaikolojia kwenu hawapo karibu, hata daktari au muuguzi akikueleza vizuri kinachotokea tayari umeshapona robo, mi naamini hivyo.

Kuna vifaa vipya pia, Lenire ilipata kibali cha mamlaka ya dawa Marekani mwezi wa 3 mwaka 2023, kinapiga sauti masikioni huku kikichezesha ulimi kwa umeme mdogo. Bei yake sio ya kwetu kwa sasa.

Kinga ndo rahisi. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kukaa nayo masaa 8 kwa siku, lakini kila ikiongezeka 3 muda unakatika nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2, mpaka ukifika 100 ambako grinda inafika bila shida ni dakika 15 tu. Mi nilikuwa nakata chuma kutwa. Vijana wa bodaboda waliotoa sailensa, wa mashine za kusaga, madijei, wanaolala na iyafoni volyumu imejaa, wote wako kwenye hesabu hiyohiyo. Zile plagi za sponji za rangi ya chungwa zinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya soda, ila ukikaa kwenye kimya zivue, maana ukiziba masikio kwenye kimya mlio unajitokeza zaidi.

Dogo ninayemfundisha kazi alikuwa anazivaa kwa kuzigusisha tu mlangoni mwa sikio, halafu anasema hazina kazi. Juzi nikamkalisha. Nikamwambia osha mikono, isokote kwa vidole mpaka iwe nyembamba kama njiti, mkono mwingine upitishe nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia usiachie mpaka uhesabu 30 ivimbe humo ndani. Akafanya hivo sikio la kwanza, la pili. Nikawasha grinda nikaiweka kwenye chuma cheche zikaruka. Nilipozima akatoa plagi moja akaniangalia, akasema "Kaka, ilikuwa kama inakata nyumba ya pili."